Kwa Nini Sikugonga Rimu

Mbukwenyi, wazee wa kanisa.
Mmeniita nijibu, nami najibu nikiwa nimesimama.

Kengele yetu mnaijua: rimu ya Fuso
lililovunjika ekseli njia ya Kibakwe mwaka wa Elinino,
imening'inizwa kwa mnyororo wa ng'ombe wa kulimia.
Nondo nilikabidhiwa mimi, Chilewa,
huu mwaka wa kumi na tisa,
bila posho, bila kuchelewa.
Nikigonga ya tatu, ng'ambo wanafunga vifungo.
Nikigonga ya saba, wameshashuka korongoni.
Hapo ndipo lilipo shauri langu lote.
Korongo lile halina daraja. Lina ahadi ya daraja,
na ahadi hiyo kwa umri inamzidi binti yangu.

Jumapili ile kwetu hapakunyesha.
Jua jeupe, mchanga mkavu,
mbuzi wamelala katikati ya korongo kama kwao.
Lakini milima ya Wotta ilijifunika tangu alfajiri,
blanketi la kijivu hadi magotini,
na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa
usio wetu.
Aliyezaliwa kando ya korongo huijua harufu hiyo
kama jasho la mamaye.

Nikainua nondo.
Nikaishusha.

Mzee Yoramu ameniuliza, imani yangu iko wapi;
baba zetu walitoka Mpwapwa kwa mguu, simba njiani,
wala hawakuikosa meza ya Bwana.
Kweli, baba. Hawakuikosa.
Ila simba hunguruma kabla,
na aliyeliwa na simba
hatukumwita sisi kwa kengele.

Nyemo nilimwita mimi.
Mnamkumbuka, sauti ya pili, mwanya wa mbele.
Viatu vyake vya Pasaka alivivua visichafuke,
akavifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni.
Tulivikuta kwenye mgunga, mwendo wa saa nzima huko chini,
fundo lake halijalegea.
Nilikuwa nagonga ya saba.
Mlio wangu niliusikia vizuri, nikaupenda.
Maji sikuyasikia.
Mlisema kaburini kwamba Bwana ametwaa.
Sikubisha, haikuwa siku ya kubisha.
Lakini mkono uliogonga ni huu hapa.

Basi saa tatu na robo likaja,
lori lisilo breki,
magogo, sufuria, banda la kuku na kuku wake juu,
na ng'ambo wakasimama watu wa kanisa, weupe wa mashati,
hatua ishirini kutoka ukingoni.
Hatua ishirini, wazee. Nimezipima.
Mama Mbeleje, sadaka imefundikwa penye pindo la kanga,
akapaza sauti kupita maji:
"We Chilewa! Umekufa? Mbona rimu kimya?"
Nikapunga nondo hewani kama mwendawazimu.

Wakakaa chini.
Kama walisali, sijui.
Niliona vichwa vimeinama muda mrefu;
huenda walikuwa wanatoa miiba nyayoni.
Huku kwetu mchungaji aliwamegea mkate watu sita,
na wa sita alikuwa mtoto, amelala.

Mama Mbeleje hajanisamehe.
Tangu abatizwe, anasema, ndiyo mara ya kwanza kukosa,
tena kwa uvivu wa mtu mzima mwenye mikono miwili.
Jumatano alinipita kisimani bila salamu,
ndoo kichwani, mgongo umenyooka kwa hasira.
Nilimtazama hadi akaishia kwenye mtama.
Ana haki ya kukasirika.
Ana pumzi ya kukasirikia.

Sijui kama Mungu huandika majina mlangoni.
Mimi huwahesabu jioni, wanapopanda ukingo kurudi kwao,
na hesabu ikitimia ndipo ninapokula.

Nondo hii hapa mezani.
Mkimpa mwingine, sitanuna.
Ila kabla hajaigusa
aje kwanza nimwonyeshe pa kusimama,
pale nyuma ya choo cha mchungaji, juu ya jiwe,
ndipo Wotta inapoonekana yote.